Tulikula vibichi wiki nzima hapa Kiseke, mama akaja na kiroba cha unga huku analia

Wakuu mwangaluka, na mtakaosoma jioni, mwadila.

Huwa napita humu kusoma visa vya wenzangu na kucheka. Leo zamu yangu. Haya yametokea ndani ya geti langu na sijaongeza chumvi, maana chumvi yenyewe mke wangu alishaificha.

Mimi ni mtu wa spea za magari, duka liko Buzuruga. Naishi Kiseke na mke wangu Tabitha na binti yetu Milembe, ana miaka sita. Ni Msukuma kamili. Kwangu mlo ni ugali, vingine vyote ni vya kusindikizia.

Sasa mwaka huu tumbo lilianza kunitangulia mlangoni. Nikipanda kile kimlima cha kwetu nahema hadi watu wananipa pole.

Tabitha akaja na habari kutoka saluni kwake. Raw food. Unakula vitu vibichi, hakuna kupika. Tujaribu wiki moja, nyumba nzima.

Nikakubali haraka haraka. Nilijua ni kachumbari pembeni ya ugali.

Siku ya kwanza narudi kazini, nakuta jiko la gesi limefunikwa kitambaa. Mezani kuna sinia: tango limekwanguliwa nyuzi nyuzi kama tambi, karoti, bitiruti, parachichi, embe bichi, na juu yake rojo la karanga mbichi zilizolowekwa zikasagwa na ndimu na pilipili.

"Ugali uko wapi?"

"Ndiyo chakula chenyewe hicho, Baba Milembe."

Nilipigwa butwaa. Nikauliza kwa unyonge kama na sato naye ataliwa mbichi.

"Samaki wa ziwani mbichi anakuachia minyoo. Mimi nataka upunguze tumbo, sio ulifuge."

Nikala kwa hasira. Na hapo ndipo mshtuko wa pili uliponikuta: ni kitamu! Sisemi hivi kwa sababu mke wangu yumo humu jukwaani, ingawa yumo. Lile rojo la karanga na embe lenye uchachu, nililamba sinia.

(Kwa watakaojaribu: osheni mboga vizuri kwa maji safi yanayotiririka, menyeni vya kumenya. Tabitha kwenye usafi hana mchezo. Na kama una ugonjwa wowote, muulize daktari kwanza, usije ukanitaja.)

Siku zikaenda. Asubuhi papai na ndizi, jioni sinia. Milembe ndiye aliyefurahi kuliko wote, anazunguka mtaani na karoti mkononi kama kashika ice cream.

Tatizo likaanzia hapo.

Jirani yetu Mama Kulwa ni mtu wa Kisesa, kijiji kimoja na mama yangu. Mtu mwema sana. Lakini wakuu, uswahilini jirani mwema anajua kwako kumeungwa nini kabla hujafunua sufuria. Siku kadhaa hajasikia harufu ya kitunguu kutoka kwangu. Akamuuliza mtoto.

Milembe akamjibu, "Kwetu siku hizi hatupiki. Tunakula karoti."

Mama Kulwa hakuja kuniuliza. Pengine aliona atanidhalilisha. Akampigia simu mama yangu.

Jumamosi asubuhi nimekaa zangu barazani, bodaboda inasimama getini. Anashuka mayu, mama yangu mzazi, na kiroba kikubwa cha unga na kuku amefungwa miguu. Anafuta machozi kwa khanga.

"Shikamoo mayu. Kuna msiba?"

"Marahaba. Kwa nini hukuniambia, mwanangu? Kama kazi imeharibika si ungesema? Mimi nimekufa?"

Nikapokea kiroba na kuku.

Tukamwingiza ndani, tukamweleza taratibu. Kazi ipo. Unga upo, gesi ipo. Tumeamua tu.

Nilidhani atacheka. Akaenda mwenyewe jikoni, akafungua ndoo, akaona unga umejaa. Aliporudi sura ilikuwa imebadilika.

"Yaani mna unga ndani na mtoto anakula majani? Mwenye njaa namwelewa. Nyie siwaelewi."

Tabitha akajaribu, "Mama, ni afya tu..."

"Mama Milembe, mimi sigombani na wewe. Nyumba yako. Lakini mjukuu wangu naondoka naye. Atakula kwangu mpaka jiko hili liwake."

Wakuu, mama hatanii. Akaagiza nguo za mtoto. Tabitha akajifungia chumbani analia, maana kuchukuliwa mtoto na mama mkwe ni sawa na kuambiwa wewe si mama. Mimi nimesimama katikati, nikimtetea mke namvunjia heshima mzazi, nikimtii mzazi nimevunja nyumba. Niliogopa kweli.

Mama akakataa hata maji. Akakaa barazani na mkoba wake, Milembe mapajani, wanasubiri mimi nitafute usafiri.

Kidogo Tabitha akatoka, macho mekundu, amebeba begi la mtoto. Akasimama ghafla.

"Mama, mnatafuna nini?"

Bibi na mjukuu, mashavu yamejaa.

"Michembe."

Kwa msioijua michembe, ni viazi vitamu vinavyokatwa vibichi, vinaanikwa juani mpaka vikauke kau. Wengi huipika na karanga. Wengine hutafuna hivyo hivyo.

"Umeipika saa ngapi, mama?"

Milembe ndiye aliyejibu kwa sauti, "Haijapikwa! Bibi naye anakula raw food!"

Mayu alijitahidi kukaza uso. Akashindwa. Alicheka hadi khanga ikamdondoka, Tabitha naye akacheka na machozi yake, na mimi nikakaa chini nikacheka nao.

Mchana tuliwasha jiko kwa heshima yake, ugali na yule kuku. Lakini sinia nalo likawekwa. Akaonja lile rojo la karanga, akaonja tena, akalivuta sinia upande wake. "Hiki kinafaa," akasema. Begi la mtoto likarudi chumbani.

Ningeishia hapa ingekuwa kisa cha kuchekesha.

Kesho yake nikaazima pick-up ya rafiki, nikamrudisha Kisesa. Mayu anaishi mwenyewe tangu mzee atutoke, na mvua msimu huu zilisuasua. Kila nikipiga simu anasema chakula kipo tele.

Tulipofika nikaingia jikoni kwake kuteka maji.

Mafiga ya baridi, majivu yameshikana. Ndoo ya unga tupu, imeoshwa na kufunikwa juu chini. Pembeni kuna ungo wa michembe. Basi, hakuna kingine.

Wakuu, kile kiroba alichotuletea kilikuwa unga wake wote.

Nikamuuliza kwa nini. Akanishangaa kama vile nimeuliza jambo la kitoto.

"Si niliambiwa hampiki? Mimi michembe ninayo."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya pick-up, mtu mzima na tumbo langu. Sisi tuliacha kupika kwa kupenda. Mama yangu hakuwa anapika na hakuna jirani aliyenipigia simu mimi.

Kiroba chake kilirudi siku hiyo hiyo, na vingine juu yake. Sasa hivi kila Jumapili tuko Kisesa. Tabitha anatengeneza sinia, mayu anasonga ugali, tunakula vyote viwili. Tumbo limepungua kiasi, kamlima napanda bila kupewa pole.

Nilichojifunza: vyakula vibichi ni vitamu na mwili unakuwa mwepesi, jaribuni. Ila mzazi akikwambia "chakula kipo tele" usiridhike na simu. Nenda ukafunue ndoo.

Wabeja, asanteni sana. Wewe mara ya mwisho kuingia jikoni kwa mama yako ulikuta nini? Semeni hapo chini, na wa kunicheka mnicheke tu.