Kimkia cha Tepu Nyeusi

Fundi redio huyu mtaa mzima ulimwita Pima Kwanza, na jina alijitafutia mwenyewe. Mteja akianza tu kueleza redio yake imekufa wapi, alimkatiza: pima kwanza, maneno baadaye. Mbele ya meza yake hakuna aliyeruhusiwa kukisia. Sasa angalia alivyofanya nyumbani kwake.

Sebuleni mkewe alikuwa na tangi la samaki, na taa yake aliiunda Pima Kwanza mwenyewe kwa kanda za LED alizozibandika chini ya kifuniko. Jumamosi asubuhi taa ikaanza kupepesa. Ukiinua kifuniko inawaka, ukikifunga inazimika. Mita ilikuwa palepale kabatini, lakini hakuigusa. Alimgeukia shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyeishi nao tangu apoteze kazi. Kosa lake ni kwamba juzi alifunua kifuniko hicho ili asugue kioo.

Mengi aliyomwambia hayaandikiki. Alimwita mkono wa balaa, akamkumbusha anakula na kulala bure. Shemeji alijitetea mara moja tu, kwa sauti ya chini, kwamba waya hakuugusa.

"Kwa hiyo umekatika wenyewe baada ya kukuona?" Pima Kwanza akafoka. "Fungasha uondoke."

Akafungasha. Mke alimsihi mumewe, akamsihi ndugu yake, wote wawili hawakumsikiliza. Begi likatoka mlangoni.

Ndipo huyo bwana, bado anahema, akachukua mita. Kwenye adapta, volti kumi na mbili. Kwenye swichi, kumi na mbili. Ng'ambo ya bawaba ya kifuniko, sifuri. Basi ubovu ulikuwa kwenye kiungo kilichofungwa tepu nyeusi hapo kwenye bawaba. Akatafuta ncha ya tepu aivute, akaipata upesi mno. Ilikuwa imekunjwa, ikaachiwa kimkia.

Kimkia hicho alikuwa nacho fundi mmoja tu. Aliwahi kujisifu kwamba anakunja ncha hivyo ili atakayefungua kesho asihangaike na kucha. Ndani, nyaya mbili zilikuwa zimesokotwa tu, bila hata tone la risasi ya kuchomelea, zimeota kutu ya kijani. Yeye mwenyewe aliziacha hivyo mwaka jana, akajiambia atazichomelea Jumapili. Nyani haoni kundule.

Hasira haikumtoka, ila ilikosa pa kwenda. Akazichomelea huku akinung'unika, akafunga kifuniko. Taa ikatulia.

Mkewe alikuja akakiona kile kipande cha tepu mezani. Aliitambua mara moja, maana ameishi na tepu hizo miaka kumi na tisa. Akachomoa adapta ukutani, akaitia mfukoni.

"Mfuate ndugu yangu umpe hicho mkononi," alisema. "Taa itawaka akirudi."

Bwana alimkuta shemeji kituo cha basi, amekalia begi lake. Njia nzima Pima Kwanza alikuwa amejipangia maneno, na mengi yalianza na habari ya kifuniko. Aliyameza, akanyoosha mkono wenye tepu.

Shemeji aliitazama, akakigusa kimkia kwa kidole.

"Hii ni yako."

"Ni yangu."

Basi lilikuwa limeshasimama. Shemeji akamrudishia tepu, akainua begi.

"Ungepima kwanza, shemeji," alisema, akapanda.

Mpaka leo adapta iko mfukoni mwa mkewe.