Jozi Thelathini na Mbili

Mama Soli hatambui watu kwa sura, anawatambua kwa miguu. Ukimpitia akiwa ameinamia kazi hainui kichwa. Anatazama viatu vyako, anaitikia salamu, kisha anakuuliza habari za mama mkwe wako, na hajawahi kukosea mtu. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa kanisa, kwenye kona karibu na lango. Mna kigoda, kopo la gundi, sindano ndefu, nyuzi zilizopakwa nta, na kile chuma chenye umbo la mguu ambacho viatu vyetu vyote vimewahi kuvalishwa ili vigongwe misumari.

Ni mjane wa miaka sitini na mbili. Kazi aliachiwa na mumewe. Wateja waliosema mwanamke hawezi kushona kiatu kikadumu walirudi ndani ya mwezi mmoja, viatu mkononi, macho chini.

"Afadhali mmekuja wenyewe," aliwaambia. "Nilikuwa nakaribia kuwacheka kanisani."

Wiki yake haina siri. Anashona kuanzia Jumatatu. Jumamosi anafunga mapema, anaingia kanisani na kitambaa alichokitenga kwa kazi hiyo tu, na kupangusa viti kimoja kimoja. Jumapili yuko Misa ya kwanza, kiti cha mwisho karibu na mlango. Watu wakirudi kutoka kukomunika, yeye kichwa kiko chini. Siku moja rafiki yake wa chanda na pete, fundi cherehani tunayemwita Mama Pindo, alimnong'oneza:

"Shoga, unasali au unakagua soli?"

"Vyote viwili. Mungu naye anatusikiliza huku anatukagua."

Ilibaki Alhamisi, na Alhamisi ndiyo iliyokuwa ikimuuma.

Katika parokia yetu kila mtaa una jumuiya yake. Tunasali pamoja kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Msalaba wetu wa mbao hubaki katika nyumba tulimosali mpaka Alhamisi inayofuata. Watoto wa nyumba hiyo huringa wiki nzima. Watu wazima nao huringa, ila wao husema ni baraka.

Tulikuwa wanajumuiya thelathini na mmoja. Karatasi ya zamu hutolewa kila mwanzo wa mwaka, na mimi, katibu, ndiye niliyekuwa naichapa. Kwenye mstari wa Mama Soli palikuwa na neno moja ndani ya mabano: *apumzishwe*. Neno hilo lilianzishwa na Mwenyekiti wetu, mpima ardhi mstaafu, mtu mpole sana, mwaka ule Mama Soli alipofiwa na mumewe. Msiba ukapita, neno likabaki. Miaka tisa makatibu tulilinakili, na hakuna aliyemuuliza mwenyewe kama kweli amechoka. Sababu tuliijua wote. Mama huyu anaishi chumba kimoja, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Sisi wenye sebule tulijiambia kwamba tunamsitiri.

Nasema bila kumung'unya maneno: ile haikuwa huruma. Tulisoma Injili ya maskini kwenye makochi ya watu wengine kila wiki, tukamruka maskini wetu, tena kwa adabu. Naye kila Alhamisi alikuja, akasali, akasaidia kuosha vikombe, akautazama msalaba ukitundikwa ukuta wa mwingine, akarudi chumbani kwake.

Mara moja kwa mwaka Padre huja kuadhimisha Misa nyumbani kwa mmoja wetu. Safari hii ilikuwa zamu ya Mwenyekiti, ambaye sebule yake ni pana kuliko zote. Wiki moja kabla, bomba likapasuka chini ya sakafu yake. Mafundi wakang'oa vigae, wakaacha shimo ambalo mbuzi angeweza kuzama. Alhamisi hiyo Mwenyekiti akatangaza:

"Basi ndugu zangu, nitamwomba Padre tutumie ukumbi wa parokia."

Mama Soli akasimama. "Mwenyekiti, ukumbi wa nini? Misa ije kwangu."

Mtu mmoja akakohoa. Mama Pindo akashindwa kujizuia. "Kwako wapi, shoga? Tukae juu ya mabati?"

"Wewe utakaa juu ya mabati. Wenzako wataingia ndani."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akatabasamu ile tabasamu yake ya kumpoza mtu. "Mama, usijisumbue. Wewe tulishakupumzisha."

"Nani aliwaambia nimechoka? Marehemu mume wangu, anayepumzika kweli, mnamtaja kila Novemba. Mimi mzima mnaniruka. Sitaki kupumzishwa. Nataka Misa isaliwe mle ndani, na msalaba ulale kwangu wiki yangu kama unavyolala kwenu."

Sasa hapo utafanyaje? Mwenyekiti akaahidi kwenda kupima kwanza. Kila kitu kwake huanza kwa kupima.

Jumamosi alikwenda na tepu yake, mimi nikamshikia ncha. Chumba kilikuwa na mita nne kwa tatu na nusu. Akatoa nafasi ya kitanda, kabati na meza, akapiga hesabu kwenye daftari.

"Watu tisa, mama. Kumi, wakivumiliana."

"Umewaweka kwenye viti."

"Ndiyo, kwa kawaida watu hukaa."

"Watasimama. Wazee wanne nitawapa benchi. Kitanda kitatoka, na kabati pia."

"Na kupiga magoti je? Mtu akipiga magoti anarefuka kwa nyuma. Miguu ya huyu itaingia tumboni mwa yule. Hilo haliamuliwi na imani, mama yangu. Linaamuliwa na tepu."

Mama Soli aliitazama sakafu yake kona hadi kona, kisha akauliza, "Jibu kwa Padre unalipeleka lini?"

"Jumanne jioni."

"Njooni Jumanne saa kumi, kabla hujaenda kwake. Mje na Mama Pindo."

Jumatatu kibanda kilifungwa. Watu waliokuja na viatu vyao walikuta kufuli, wakadhani anaumwa. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ndiye aliyetoboa siri: mama huyo alikuwa amechukua maboksi yake yote matupu, yale makubwa na yale madogo, na tangu asubuhi alikuwa amejifungia na mkasi.

Jumanne tulikuta kitanda kimesimamishwa nje ukutani. Kabati lilikuwa limehamia kwa Mama Pindo. Ndani palibaki meza chini ya dirisha, imetandikwa kitambaa cheupe, na benchi upande mmoja. Sakafu ilikuwa imejaa miguu.

Alikuwa amekata soli za kartoni, jozi thelathini na mbili, moja kwa kila mwanajumuiya na moja ya Padre. Hakupima mguu wa mtu. Alizikata kwa kumbukumbu, kila moja kwa ukubwa wake na kilema chake. Ya binti anayesomea uuguzi ilikuwa nyembamba kama jani. Ya Mama Pindo ilikuwa pana mbele. Yangu niliijua mara moja, ingawa sikuwahi kujua kwamba mguu wangu wa kulia huelekea nje.

"Bata," alisema Mama Soli aliponiona nikishangaa. "Unatembea kama bata tangu ukiwa shule ya msingi."

Mwenyekiti alikuwa bado mlangoni. "Watu wamesimama, sawa. Magoti je?"

"Hujaona nilivyowapanga? Huyo wa nyuma hayuko mgongoni mwa wa mbele. Yuko katikati ya wawili. Kama mshono. Sindano haichomi tundu juu ya tundu."

Ndipo tukaona. Kila safu ilikuwa imesogea nusu hatua kando ya ile ya mbele yake, kama nyuzi za soli yenyewe.

"Haya, simameni kwenye miguu yenu," alituamuru. "Mwenyekiti, wewe mbele. Katibu na Mama Pindo, nyuma yake. Pigeni magoti."

Tukapiga. Visigino vya Mwenyekiti vikaingia kati yangu na Mama Pindo, vikatulia pale, na hakuna aliyemgusa mwenzake. Mwenyekiti akageuka, akapima kwa tepu mahali hapo, akapima pengine, kisha akairudisha tepu mfukoni.

"Inatosha," alisema.

Kabla hajainuka, jicho lake likaangukia kwenye soli alizokuwa amezikanyaga. Akaiokota ile ya kushoto, akaipapasa kwa kidole gumba, akaitazama muda mrefu kuliko kartoni inavyostahili. Kisha akairudisha mahali pake polepole, kama mtu anayerudisha yai.

"Katibu," akaniambia bila kunitazama, "nenda ukamwambie Padre. Misa iko kwa Mama Soli."

Alhamisi tuliingia mmoja mmoja, kila mtu akitafuta miguu yake. Ilikuwa vicheko mtindo mmoja. "Mbona wangu mkubwa hivi?" "Muulize mkeo!" Wazee wanne wakapata benchi lao, sisi wengine tukasimama kama tulivyopangwa. Padre alipofika akapenya mlangoni kwa ubavu.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele amina!"

Akaona jozi nyuma ya meza. "Hata mimi nimo?"

"Umo, Padre," alisema Mama Soli. "Na hicho cha kushoto kinakubana kidole. Ijumaa kilete."

Nimesali katika makanisa makubwa yenye kwaya za watu sitini. Sijasikia wimbo uliosikika kama ule. Sauti hazikuwa na pa kwenda. Ziligonga mabati, zikaturudia vifuani, na tukaimba kwa nguvu zaidi. Wanunuzi wa misumari na rangi wakaacha kununua, wakaja kusimama dirishani. Ulipofika wakati wa mageuzo ya mkate na divai, kengele ndogo ikalia, tukashuka wote pamoja, safu ndani ya safu. Hakuna kiwiko kilichogonga mtu. Nilimwona Mama Soli mbele yangu kidogo, amepiga magoti sakafuni kwake, kichwa kiko juu. Siku hiyo hakukagua soli ya mtu.

Baada ya komunyo, wakati wa matangazo, Mwenyekiti akaomba nafasi. Tukatarajia ratiba. Yeye akainama, akavua kiatu cha kushoto, akakiinua mbele ya Padre na mbele yetu sote.

"Ndugu zangu, mguu wangu huu ni mfupi. Nilianguka kazini nikiwa kijana. Sijamwambia mtu yeyote hapa, niliona aibu. Mgongo ulinitesa miaka mingi, halafu miaka tisa iliyopita ukaacha. Nikasema nimepona." Akageuza kiatu ili tuone ubavu wa soli. "Juzi nimeona kartoni yangu ya kushoto ina tabaka mbili. Nikaenda nyumbani nikakagua viatu vyangu vyote. Kila kimoja kimeongezwa soli upande huu. Nilikuwa nampelekea ashone nyuzi zilizokatika tu. Yeye akaona, akaongeza, akanyamaza."

Akakishusha kiatu kifuani.

"Miaka tisa nimempumzisha mtu ambaye ndiye anayenisimamisha. Mama, nisamehe."

Macho yote yakamgeukia Mama Soli. Nilidhani atalia. Mimi mwenyewe sikuwa mbali na kulia.

"Vaa kiatu, baba," alisema. "Humu nimefanyia kazi za usiku wa sikukuu, misumari haikosekani."

Kicheko kililipuka, na katikati yake Mama Pindo akaachia kigelegele ambacho nadhani walikisikia hata jumuiya za mitaa mingine. Padre alicheka mpaka akavua miwani. Kisha yeye mwenyewe akauchukua msalaba wa mbao, akautundika kwenye msumari uliokuwa ukisubiri ukutani, juu ya mahali pa kitanda. Msumari ule ulikuwa na kutu kidogo. Baadaye nilijua kwamba Mama Soli aliupigilia wiki ya kwanza aliyohamia mle, kabla hata ya kufungua mabegi.

Tulipokuwa tukitoka, baadhi yetu tuliinama kuchukua soli zetu tukazitunze.

"Ziacheni!" alipaza sauti. "Mwakani mtaniletea tena mambo ya tepu."

Nikatoa karatasi ya zamu mfukoni, nikafuta lile neno la kwenye mabano palepale, nimeegemea kitanda chake kilichosimama nje. Kalamu ilitoboa karatasi, nikaacha hivyohivyo.

Mama Pindo alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Haya, umeridhika sasa? Msalaba unao, Padre umemweka kwenye kartoni, Mwenyekiti umemvua viatu."

Mama Soli alikuwa anakung'uta kitambaa cha altare, anakikunja pembe kwa pembe, taratibu. Msalaba ulikuwa nyuma yake, na jua la jioni lilikuwa limeufikia kupitia dirishani.

"Bado," alisema. "Kabati langu unalirudisha saa ngapi?"