Mashahidi Watano wa Nakashege

Mariette nilimjua kwa sababu ya sindano. Mimi nauza sindano, uzi na zipu kwa kutembea katika makazi yetu ya wakimbizi huku Uganda, leo Juru, kesho Rubondo, na mjini Mbarara nikiishiwa bidhaa. Yeye anashona sare za shule hapo Rubondo, nyuma ya kanisa la mabati. Kwao Kivu Kusini, Kongo, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ualimu haujamtoka. Ukimpelekea kikaratasi cha vipimo vya suruali, atakurudishia kimesahihishwa.

Mwaka juzi watu wa kujitolea walikuja kufundisha kuandika katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaifungua kwenye simu, anasoma, na akiona kosa analirekebisha. Wengi walikwenda kwa ajili ya soda. Mariette alikwenda na kalamu nyekundu, akauliza wino wake utaingilia wapi. Tangu siku hiyo, akimaliza kushona, anakaa na simu. Alisahihisha makala ya sombe, yaani kisamvu, ambamo mwandishi alisahau kwamba majani hutwangwa. Alisahihisha ya maharage. Na humo ndani kulikuwa na mtu anayemsahihisha yeye: Buruhan, mwuza spea za pikipiki wa Kakoba, Mbarara. Hawakuwa wameonana hata siku moja. Mariette akiandika jioni, asubuhi anakuta Buruhan amepunguza.

"Huyu mutu anapenda kukata," aliniambia. "Angekuwa fundi wa nguo, batu bote bangevaa kaptula."

Mwaka huu, mwezi wa tano, akaandika makala ya kijiji chao, Nakashege. Kipo milimani huko, au niseme mahali pake papo, maana nyumba zilichomwa na watu wakatawanyika. Aliandika aya kumi na nane. Na chini, pale panapowekwa vyanzo, akaweka mashahidi.

Sisi wa makazi haya tutamwelewa. Karatasi zako zikipotea, unapeleka ofisini watu watano wanaokujua, kila mmoja na namba ya kadi ya familia na namba ya simu. Wanasema ndiyo, huyu tunamjua, ni mtoto wa fulani. Ofisi inaandika, mambo yanakwenda. Basi Mariette naye akaorodhesha watano, na namba zao zote. Wa kwanza dada yake Pélagie wa Juru, wa pili mzee Natanaeli wa kwaya, halafu majirani wawili. Wa tano alikuwa mimi, kwa kuwa zamani nilipita Nakashege nikiuza chumvi, nikalala siku mbili.

Kesho yake mashahidi wote walikuwa wameondolewa. Juu ya makala palikuwa na tangazo: makala hii haina chanzo kilichochapishwa, itafutwa baada ya siku saba. Chini yake, Buruhan.

Nilimkuta Mariette ameacha cherehani na kitambaa kikiwa bado chini ya sindano.

"Muzee, amekufuta."

"Mimi?"

"Weye na bengine bane. Na kisha siku saba anafuta kijiji." Akaninyooshea simu kana kwamba mimi ningeweza kuizuia. "Kilichomwa mara moja kwa moto. Sasa mutu wa spea atakimaliza kwa kidole."

Wale wa kujitolea hukutana Kakoba Jumamosi ya mwisho wa mwezi, katika chumba nyuma ya duka la Buruhan. Jumamosi hiyo iliangukia siku ya tano kati ya zile saba. Mariette akasema tunakwenda, mimi pamoja naye, ili huyo bwana amwone shahidi kwa macho yake.

Buruhan alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, kofia safi, vidole vyeusi kwa grisi. Alisimama tulipoingia, akamwita Mariette nyabo, yaani mama, kwa heshima ya huku.

"Nyabo Mariette, karibu. Mimi nilifikiri wewe ni mwanaume."

"Na miye nilifikiri weye ni muzee wa miaka mia, benye kumupikia bote balikufa."

Kulikuwa na mwanamke mwingine mezani, Zakiah, mwalimu wa sekondari, naye wa kujitolea. Akainama kwenye kompyuta yake acheke vizuri.

Mariette akanisukuma mbele. "Huyu ni shahidi wa tano. Muulize."

"Mzee, Nakashege umeiona?"

"Nimeiona. Kuna baridi. Chumvi waliipenda."

"Mimi nakuamini," Buruhan akasema. "Lakini mtu wa Mombasa akitaka kuhakikisha, atakupata wapi? Wewe unatembea." Kisha akamgeukia Mariette. "Na zile namba za simu nilitoa kabla ya yote, nyabo. Watapeli wangepigia wazee wako. Wangesema tunatoka ofisini, tuma pesa kadi yako isifungwe."

Hilo Mariette hakuwa amelifikiria. Akauliza, polepole, "Ulisoma yote?"

"Mara mbili. Ile harusi ya kuvuka mto, bibi harusi anabebwa mgongoni na mama mkwe, nilimsomea mke wangu Zam."

"Akasema nini?"

"Akasema mama yangu asingembeba hata hatua moja."

Niliona mdomo wa Mariette ukitaka kucheka, akauzuia. "Sasa mbona unafuta?"

"Naweka tangazo ili watu watafute karatasi. Mimi mwenyewe nimetafuta siku nne. Sioni."

"Karatasi zetu ziliungua."

"Za kwenu, sawa. Hakuna mtu wa nje alikuja kwenu akaandika? Padri? Mtu wa barabara?"

"Agronome," Mariette akasema. "Bwana shamba. Alikuwa anakuya na gari kila mwaka, kupima kahawa."

Zakiah akatafuta. Ikatokea ripoti ya zamani ya kahawa, kurasa mia mbili na zaidi, ya Kifaransa.

"Hii niliiona," Buruhan akasema. "Kifaransa sijui. Nikaipita."

Mariette akavuta kiti, akavaa miwani. Alisoma ukurasa baada ya ukurasa, kidole kwenye kioo. Wenzetu wakaenda kuswali adhuhuri, wakarudi, yeye bado. Ukurasa wa mia na kumi na mbili kidole kikasimama. Nakashege: kituo cha kukaushia kahawa, kaya tisini na mbili, njia ya gari inaishia hapo.

"Baba yangu yuko mu hizi tisini na mbili," akasema. Hakuna aliyemharakisha.

Ila sasa makala ilipaswa kubaki na yale tu yaliyomo kwenye karatasi. Buruhan akasema kwa upole kwamba angeweza kuipunguza yeye.

"Acha. Weye umekata mingi. Hii nitakata miye."

Akakata. Kila aya aliisoma kwanza kwa sauti ndogo, kisha ikaondoka. Ikaondoka harusi. Ikaondoka aya ya mama yake. Ikaondoka chumvi yangu. Zikabaki sentensi nne. Buruhan hakutaka kuondoa tangazo alilolibandika mwenyewe, wala Mariette asingeweza kujihukumu, basi Zakiah akasoma zote nne, akalinganisha na ukurasa wa ripoti, akaliondoa.

Mariette akampigia Pélagie, akamwambia afungue. Tulisikia sauti ya dada yake kutoka Juru.

"Ni hii tu? Mama iko wapi?"

"Mama unamujua. Hii ni ya batu bale hawatujui."

"Haya. Lakini tisini na mbili si kweli. Tulikuwa tisini na tatu. Bamesahau nyumba ya Constance, kule chini."

Mariette akamtazama Buruhan. Buruhan akatikisa kichwa: karatasi inasema tisini na mbili. Kisha akamwonyesha ukurasa wa majadiliano, ambapo watu hubishana kuhusu makala, na ubishi wao hutunzwa.

Mariette akavaa miwani tena. Akaanza kuandika jinsi Constance alivyojenga chini, karibu na maji, kwa kuwa hakupenda kupanda mlima na ndoo, na jinsi bwana shamba alivyokuwa mvivu wa kushuka. Buruhan alisoma nyuma ya bega lake, hakugusa kitu. Gari la kurudi likatuacha, tukangoja lingine.