Rubani Aliyeteuliwa kwa Barua

Xavier Ngalula alikuwa mpimaji wa viwanja, na aliogopa kupanda ngazi. Ofisi nzima ilijua. Faili likiwa juu ya kabati, aliliacha hukohuko mpaka mwenye faili aje na ndugu mrefu. Kwao ni Kananga, Kasai. Serikali ilimtuma Butembo, mashariki mwa Kongo, kwa miezi sita, na hiyo ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita. Alimwoa Jemima, mwanamke wa mtaa wa Mususa, wakazaa watoto wanne, akajifunza kusema *wasingya* badala ya asante, na kila mwaka mpya aliwaambia watu kwamba mwaka huu barua ya kumrudisha kwao itafika.

Barua iliyofika ilikuwa nyingine.

Mradi mmoja wa wageni ulikuwa umeipa ofisi yao drone, ile ndege ndogo ya kupiga picha kutoka juu, ili michoro ya mji itengenezwe upya. Siku ya kuipokea kulikuwa na hotuba sita, sala mbili na utepe wa kukata. Drone yenyewe haikuruka, maana hakuna aliyekumbuka kuchaji betri. Mkuu wa ofisi, Bwana Ézéchias, aliifungia katika kabati lake la chuma, akatia ufunguo mfukoni na kusema mali ya serikali lazima ilindwe. Ililindwa miezi minane. Kisha wenye mradi wakatangaza kwamba wanakuja kuona kazi.

Jumatatu asubuhi Ézéchias alimwita Xavier, akampa karatasi yenye mihuri miwili. Ilisema kuwa kuanzia siku ile Ngalula Xavier ni rubani wa ofisi.

"Mais Chef, miye hapana najua kurusha ile kitu."

"Soma muzuri. Barua inasema unajua."

"Chef, mutu anajifunzaka kwanza..."

"Uko na wiki tatu. Na hapana vunja. Ikivunjika, jina iko ndani ya barua ni yako, si yangu."

Xavier alibeba lile sanduku kama mtu aliyekabidhiwa kitoto kichanga cha watu. Kitabu cha maelezo kilikuwa Kichina mbele na Kiingereza nyuma, akaishia kutazama picha. Kesho yake akaenda kutafuta ruhusa ya kujifunza, kwa kuwa alikuwa mtu wa serikali na aliamini karatasi. Biro, yaani ofisi, ya kwanza ikamwambia ruhusa hutolewa na biro ya pili. Biro ya pili ikataka picha ya mahali atakaporushia, iliyopigwa kutoka juu.

"Nitapata je picha ya kutoka juu mbele ya kurusha?"

Karani alimtazama kwa huruma. "Papa, omba ruhusa ya kupiga ile picha. Banaitoaka kwa biro ya kwanza."

Jemima, aliyechoka kumwona akizunguka na sanduku, ndiye aliyemtaja Gracieuse. Huyo alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita anayepiga video za harusi, na drone yake mwenyewe ilikwisha kuonekana juu ya kila parokia ya mji. Xavier alimkuta studio kwake, akamweleza shida, kisha akamwuliza yeye ruhusa yake aliipata wapi.

"Ruhusa?" Gracieuse akacheka. "Papa Xavier, bakubwa bote ba serikali banaoleshaka batoto. Kwa harusi hakuna mutu anaulizaka karatasi. Kuya Jumamosi, utakuwa aide yangu, musaidizi."

Hivyo ndivyo mtumishi wa serikali mwenye miaka hamsini na minne alivyoanza kujifunza urubani katika harusi za watu.

Somo la kwanza lilifanyika nyuma ya ukumbi, wageni wakiwa bado kanisani. "Hii fimbo ya kushoto inapandisha na kushusha, na inageuza," Gracieuse alimwonyesha kwenye rimoti ya drone yake. "Ya kuume inapeleka mbele, nyuma na pembeni. Polepole, kama unagusa mutoto mwenye analala."

Drone ikapanda, ikasimama hewani ikivuma kama mzinga wa nyuki. Ilipowapa mgongo, Xavier aliiongoza vizuri. Alipoigeuza iwatazame, mambo yakaharibika: alisukuma kushoto, ikaenda kulia. Akasukuma zaidi, ikazidi kwenda, mpaka ikanasa kwenye kamba za hema.

"Iko inakuangalia, donc kushoto yake njo kuume yako," Gracieuse alisema akiinasua. "Fanya kama uko ndani yake, Papa. Kaa ndani, angalia mbele."

Xavier akatii. Akajiweka ndani ya kile kidude, mita ishirini juu, miguu ikining'inia. Alimrudishia msichana rimoti, akakaa kwenye nyasi na suti yake ya harusi.

Gracieuse hakucheka. Alienda kuleta kiti cha plastiki. "Utarusha ukikaa. Hata ndege kubwa, pilote anakaaka."

Jumamosi ya pili harusi ilikuwa mtaa wa Vulamba. Askari mmoja aliyeitwa Jephté, mlinzi wa mgeni mkubwa, alisikia mvumo akainua bunduki. Nchi hii kitu kinachovuma angani hakileti habari njema.

"Ile ndege ni ya nani?"

Xavier akakumbuka barua yake na mihuri miwili, iliyokuwa nyumbani. "Ya harusi," akasema.

"Ah. Ya harusi, ça va." Bunduki ikashuka. "Vieux, nipigie na miye picha moja. Nitamutumia mama kule Kisangani."

Saa moja baadaye Xavier aliishusha drone karibu mno na meza. Upepo wake ukainua vumbi la ua zima na kulimwaga juu ya wali na mboga ya sombe. "Eh, Nyamuhanga!" mama wa bibi harusi alimlilia Mungu kwa Kinande. "Ndege gani hii inapikia batu udongo?" Xavier alizunguka kuomba msamaha meza kwa meza, akianzia kwa mapadri.

Jumamosi ya tatu mkono ulitulia. Aliipandisha mita themanini, akatazama kioo cha rimoti. Njia alizozichora zimenyooka zilikuwa zimepinda kama utumbo wa mbuzi. Viwanja alivyoviandika mraba vilikuwa na pembe tano, pembe sita, vimebanana kwenye vilima, na katikati yake maharagwe, nguo zilizoanikwa, mtu akisuka mwenzake nywele.

"Nimepimaka hii muji miaka kumi na tisa," alisema. "Sikuionaka hata siku moja."

Wageni wa mradi walifika Jumanne. Ézéchias, katika koti jipya, alichagua kiwanja cha Vulamba ambacho kwenye michoro yote kilikuwa cheupe, kimeandikwa "uwanja wa watoto". Alitaka paonekane pasafi, na alisahau kwamba mashine haisomi michoro. Xavier akakaa kitini, drone ikapanda, na kwenye televisheni iliyowekwa chini ya hema likatokea paa kubwa la buluu, ukuta, kibanda cha mlinzi na mbuzi wawili. Wafanyakazi wote wakatazama viatu vyao. Walijua ni nyumba ya nani, na mwenyewe alikuwa amevaa koti jipya.

"Na ile?" aliuliza mgeni.

Ézéchias hakutikisika. "Kivuli."

"Kivuli ya nini?"

"Ya wingu."

Mgeni akatazama juu. Mbingu ilikuwa safi tangu asubuhi. Akatazama saa, alikuwa na ndege ya kuwahi Beni. Akaandika neno katika daftari. "Picha ni wazi sana," akasema, na wote wakapiga makofi. Kwenye televisheni, mbuzi mmoja wa kile kivuli akahamia upande wa pili.

"Kwa mchoro, andika vile nilisema," Ézéchias alimwambia Xavier wageni walipoondoka.

"Chef, nitaandika vile vile."

Akaandika. Alipima kutoka kwenye picha, akiogopa kuliko siku ya askari, maana ana watoto wanne na kazi ni moja: *Kivuli cha kudumu. Mita kumi na nne kwa kumi na moja. Mabati ya buluu, milango mitatu, choo nyuma.* Ézéchias alisaini bila kusoma, kama alivyosaini michoro yote ya maisha yake, na nakala ikabandikwa ukutani kama sheria inavyotaka.

Siku ya tatu mama mmoja alisimama mbele ya meza ya Xavier. "Papa, kumbe banatoaka kivuli ndani ya uwanja ya batoto? Siye tuko batu saba kwa chumba moja. Tunaomba yetu, hata ya mita sita."

Kufikia Ijumaa maombi yalikuwa arobaini na moja, yote kwa maandishi, mengine yamechagua na rangi ya mabati.

Ézéchias alitaka ule mchoro ubanduliwe. Lakini mchoro wenye mihuri huondolewa na mchoro mwingine, na mwingine unahitaji picha mpya. "Nitarusha, Chef, hata leo," Xavier alimwambia kwa heshima zote. "Mais kile kivuli kitatoka tena."

Kabla mvua hazijaisha, Ézéchias alihamishiwa Beni, kwa cheo cha juu zaidi. Aliondoka na kabati lake la chuma, drone ikiwa ndani, kwa usalama wake. Nyumba ilibaki. Paa limepakwa rangi ya kijani, na ukiwa juu mita themanini waweza kweli kudhani ni nyasi.

Xavier bado yuko ofisini, na Jumamosi yuko harusini na Gracieuse. Siku hizi anachora njia zikiwa zimepinda, kona kwa kona, na vijana wa ofisi wanalalamika kwamba mchoro mmoja unamchukua wiki nzima.