Kazi ya Moraa Niliyoizima

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipozima kazi ya mwenzangu kwa kidole kimoja, kisha nikaenda kunywa chai kama mtu asiye na hatia.

Nilikuwa kijana mwenye maringo, fundi wa kompyuta katika chuo kimoja mjini Kisii. Watafiti wa kemia walihitaji mashine yenye nguvu ya kukokotoa tabia za molekuli, na chuo hakikuwa na uwezo wa kuinunua. Tukafanya kama majirani wa kwetu wanavyofanya kwenye risaga, wanapolima kwa pamoja shamba la huyu leo na la yule kesho. Kila mtafiti alitoa kompyuta yake, nikaziunganisha zikawa mashine moja, na kila mtu akangoja zamu. Kichwa kilinivimba, nakwambia! Nenosiri kuu nilikuwa nalo peke yangu.

Moraa, mwanafunzi wa uzamili kutoka Ogembo, alikuwa akichunguza dawa iliyomo kwenye gome la mti. Hesabu zake zilikuwa zimekwenda wiki tatu bila kusimama. Mimi nilikuwa na kijikazi changu cha kuwaonyesha wageni asubuhi hiyo. Nikaizima yake, nikaweka yangu.

Alipokuja akakuta imekatika bila maelezo yoyote. "Labda nimekosea mahali," akaniambia, nami nikaangalia chini. Siku nne alipitia faili zake mstari kwa mstari, akitafuta kosa ambalo halikuwepo. Ijumaa akanionyesha barua ya kumwambia msimamizi wake kwamba anaacha utafiti. Angeipeleka Jumatatu.

Jumapili nilikuwa nyumbani Nyamira, nikichuma chai na mama. Nikamweleza, nikidhani atanihurumia.

"Tata," akaniita, kama mama zetu wanavyowaita wana wao, "kwa risaga, unaweza kutoa watu kwa shamba la jirani ndio walime lako? Na akiuliza, unaangalia chini?"

"Mama, nikisema watanifuta kazi."

"Wakufute. Huyo msichana anajiona mjinga kwa sababu yako."

Hakuniambia neno lingine mpaka tukapeleka majani kwenye kituo cha kupimia chai. Mama yangu akinyamaza, heri akuchape.

Jumatatu nilimngoja Moraa mlangoni pa maabara, nikamwambia yote. Alinikazia macho, kisha akaketi kwenye ngazi.

"Kwa hivyo hesabu zangu ziko sawa?"

"Ziko sawa. Na mashine ilikuwa inahifadhi kila hatua. Tutaendelea pale ilipokatika."

"Ondieki, wewe ni mtu mbaya sana," akasema huku akicheka na kulia, akairarua ile barua. Mwanangu, sijawahi kutukanwa nikapumua vizuri namna ile! Kabla ya chakula cha mchana kazi yake ilikuwa ikikimbia tena. Wiki hiyo hiyo nikawapa wenzangu wawili nenosiri, tukakubaliana kwamba hakuna kuzima kazi ya mtu kabla mwenyewe hajaambiwa. Kazi sikufutwa, ingawa nilikaripiwa hadi masikio yakaniwaka.

Sasa nawe umekabidhiwa mashine ya watu wengi. Ipangie foleni, nawe uingie ndani yake kama wengine. Funguo zake usizishike peke yako. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, maana kuna mtu mahali anajilaumu kwa kosa lako.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na akupe ujasiri wa kusema "ni mimi" mapema kuliko nilivyosema mimi.