Toa Beki Yeyote

Kalondu alikuwa na mikono ya mtu wa kuchimba. Waliomwona kwa mara ya kwanza akipiga kona fupi ya mpira wa magongo pale Athi River, gongo likishuka na mpira ukigonga ubao wa goli kabla kipa hajainua mguu, waliuliza msichana huyu alifundishwa wapi. Alifundishwa na mchanga wa Mwala. Tangu akiwa na miaka kumi alifuatana na mama yake, Kamanthe, kwenda mwethya. Kila Alhamisi majirani walikutana mtoni, kila nyumba ikitoa mtu mmoja na jembe lake, wakajenga bwawa la mchanga; na kila nyumba iliyochimba ilikuwa na zamu yake ya kuteka maji. Nyumba iliyokosa kuchimba mara tatu mfululizo ilifutwa. Hapakuwa na kelele wala kesi. Siku ya kuteka ilifika, na jina lako halikuitwa.

Kamanthe hakuwa na mtoto mwingine, na kufikia mwaka 1996 kiuno chake kilikuwa kimekataa kuinama. Mtu wa nyumba yao pale mtoni alikuwa Kalondu, au hakuna.

Ndiyo sababu barua ya kiwanda cha mablanketi ilimfurahisha kuliko walivyodhani walioiandika. Kiwanda kilikuwa na timu ya wanawake ya mpira wa magongo, na kilimtaka msichana huyu aliyekuwa ametoka tu shule ya upili. Kilimpa mkataba wa miaka minane: kazi katika idara ya kukunja na kufunga, chumba katika nyumba za wafanyakazi, na, kwa kuwa timu ilicheza Jumapili, mapumziko siku ya Alhamisi. Kalondu alisoma mstari wa Alhamisi mara mbili, akatia sahihi. Kifungu cha kumi na moja hakukisoma hata mara moja.

Miaka miwili baadaye timu ya benki moja ya Nairobi ilimtumia mtu wa kumtaka ahamie kwao. Wale walikuwa na safari za Harare na Kairo. Lakini chama cha mchezo hakikumsajili mchezaji asiye na barua ya kuachiliwa na timu yake ya zamani, na barua hiyo iliandikwa na Wesley, meneja wa wafanyakazi, ambaye timu pia ilikuwa chini yake. Wesley alikuwa amesomea Kanada miaka sita, akarudi na koti zito ambalo Athi River haikuwa na kazi nalo.

"Uliweka sahihi miaka minane," Wesley alimwambia. "Kule Kanada, magongo yanachezwa juu ya barafu, na mkataba ni mkataba."

Kalondu hakunung'unika sana. Harare haikuwa na Alhamisi. Tena alijiambia kwamba mlango uliomfungia ndani ndio huo huo uliomkinga: watu wasiokubali kumwachilia wasingeweza kumfukuza.

Mwaka 2000, kwenye mashindano mjini Machakos, yeye akiwa sasa beki na nahodha, alikuwa ameketi kwenye nyasi akimenya chungwa wakati timu ya kampuni moja ya sukari kutoka magharibi ilikuwa uwanjani. Wesley akaja akachuchumaa kando yake.

"Kapteni, umeona yule namba saba?"

"Munyiva? Ni wa hapa kwetu, Ekalakala. Watu wa sukari walimtoa shule."

"Sijauliza kwao ni wapi. Yeye ni mzuri aje?"

Kule mwethya, kabla majembe hayajainuliwa, Kaloki, kiongozi wao, huuliza swali kama hilo: leo tumweke nani penye mwamba? Na mtu husema kweli, hata akiwa anamtaja jirani aliyemwibia mbuzi, kwa sababu mwenye nguvu akiwekwa penye mwamba bwawa linasimama na wote wanakunywa. Kumsifu mwenzako hakujawahi kumtoa mtu mtoni. Kalondu alijibu kama mtu wa mtoni.

"Huyo ni moto," alisema. "Mabeki tuko wengi, kila shule iko na mmoja. Mshambuliaji kama huyo hauoni tena. Ningekuwa wewe, ningetoa beki yeyote nimpate."

"Beki yeyote?"

"Hata wawili."

Wesley alicheka akapokea kipande cha chungwa. "Mungu asikufanye meneja, mabeki watakwisha."

Wiki tatu baadaye alimwita ofisini. Hakuzunguka sana, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya na jambo lenyewe hakuliona kuwa baya.

"Nilifikiria lile neno lako. Tumeongea na watu wa sukari. Munyiva anakuja kwetu, wewe unaenda kwao. Kazi unapata huko, nyumba unapata. Barua yako inaendelea vile iko, miaka minne imebaki."

Kalondu alidhani hajasikia vizuri. "Mimi niende magharibi?"

"Kule Kanada mchezaji anaamka asubuhi anasikia kwa redio amepelekwa mji mwingine. Anafunga mizigo, bibi anafuata na watoto. Ni mchezo."

"Niko na mama, Bwana Wesley. Alhamisi niko mtoni. Unajua."

"Kila mtu ako na mama, Kalondu."

Akaigeuza barua ya mwaka 1996 juu ya meza na kuweka kidole kwenye kifungu cha kumi na moja. Kilisema mchezaji ataitumikia timu ya kampuni, au timu nyingine yoyote ambayo kampuni itakubaliana nayo. Kalondu alikisoma polepole, huku midomo ikisogea.

"Hii miaka minane ilikuwa yangu ama yenu?"

Wesley alifikiri kidogo. "Ni ya barua," alisema.

"Na nikikataa?"

"Kazi inaisha mwisho wa mwezi, na chumba. Na barua ya kukuachilia siwezi kuandika mpaka 2004. Watu wa sukari wanakudai kwangu. Nikikuachilia uchezee jirani, nitawaambia nini?"

Alikataa. Alihesabu vidole vitatu tu, zile Alhamisi tatu, na hesabu ikaishia hapo.

Siku ya kuondoka alikuwa akifunga godoro kwa kamba msichana aliposimama mlangoni na begi na magongo mawili. Alikuwa Munyiva. Chumba alichokuwa amepewa kilikuwa hicho hicho.

"Dada, hata sijui niseme nini," Munyiva alisema. "Miaka mitatu nimewalilia nirudi karibu na nyumbani. Wakaniambia kuna mtu amenisemea vizuri. Nikauliza ni nani nimshukuru, wakacheka."

Kalondu alikaza fundo. "Dirisha hilo halifungi," alisema. "Mvua ikija weka gazeti." Akaliinua godoro begani akapita, na Munyiva ikabidi arudi nyuma ili kumpisha.

Huko Mwala Kamanthe alikuwa akichambua pojo kwenye ungo. Aliutazama mzigo, kisha mtoto wake.

"Umerudi na kazi, ama umerudi tu?"

"Nimerudi tu, mwaitu."

"Haya," mama alisema. "Alhamisi bado iko."

Alhamisi ikafika. Maji yao yalikuwa salama. Hilo hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Gongo lake aliliacha limesimama nyuma ya mlango, nalo lingekaa hapo hadi mwaka 2004, atakapokuwa na miaka ishirini na saba na mabeki wa kila shule wamejaa. Mtoni ukuta ulikuwa umefika penye jiwe jeusi, na Kaloki akapiga makofi watu wanyamaze.

"Leo tumweke nani penye mwamba? Kalondu, wewe macho yako hayadanganyi."

Kalondu alimwona Mukai, mke wa jirani, amesimama hatua mbili kutoka kwake. Mukai alikuwa na mabega yaliyotengenezwa kwa ajili ya jiwe kama lile, na hakuna aliyekuwa amemtambua bado. Kalondu alijua hivyo kama alivyojua wapi mpira utaangukia. Akainamisha macho, akaanza kukwangua udongo mkavu kwenye jembe lake.

"Mimi sijui," alisema.

Kaloki akamtaja mzee fulani kwa heshima tu. Mzee akapiga jiwe, jembe likaruka. Akapiga tena, likaruka tena. Kalondu alichimba mahali pake penye mchanga laini, akisikia kila pigo, wala hakuinua kichwa.