Bikoni ya Bi Ismay Chini ya Majivu

Jumanne ya tarehe 11 Machi, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, pembe ya paa la nyumba ya Bi Ismay Sweeney ilitokeza mchangani.

Hakuna mtu aliyekuwa ameiona kwa miaka ishirini na saba.

Norris Daley alizima katapila, akatoa kichwa dirishani.

"Mpima! Hili si jiwe. Hii ni zege, ina kona kabisa."

Niliteremka shimoni, nikafuta kwa kiganja, nikapima. Kona ilikuwa sentimita arobaini tu kutoka mahali ambapo ramani ya zamani ilisema itakuwepo. Nikaandika saa kwenye daftari.

Mwandiko wa ukurasa huo mpaka leo hausomeki vizuri.

Niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi ni Alford Fenton, mpima ardhi katika kisiwa cha Montserrat, Karibi. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja. Siamini maneno ya mtu kuhusu mpaka wake, hata awe mchungaji. Naamini tepu na bikoni, vile vyuma vinavyopigwa ardhini kwenye pembe za kiwanja.

Shida ya kisiwa chetu ni kwamba bikoni nyingi ziko chini ya volkano.

Kwenye karatasi, mji mkuu wetu bado ni Plymouth. Hakuna anayelala Plymouth. Mlima uliufukia, watu zaidi ya nusu wakaondoka kisiwani, na sisi tuliobaki tukabanana huku kaskazini. Kusini kumefungwa, kuna lango na polisi. Gavana analetwa kutoka London, Waziri Kiongozi tunamchagua wenyewe, na kati ya hao wawili kuna kaunta.

Simulizi hii ni ya kaunta.

Bi Ismay alikuja kwangu mwezi wa Novemba. Ana miaka themanini na moja. Alikuwa fundi cherehani, na nusu ya mabibi harusi wa Plymouth ya zamani walivaa kazi ya mikono yake. Tangu ahamishwe anaishi Lookout, huku kaskazini, kwenye chumba cha mbao alichoambiwa ni cha miezi sita.

Miezi sita. Miaka ishirini na saba.

"Alford, kuna mpango wa viwanja," alisema kabla hajakaa. "Aliyefukiwa kule anapewa huku. Mwisho wa kuomba ni tarehe 31 Oktoba mwakani. Nataka changu. Sitaki kufia kwenye chumba cha watu."

Nikasoma fomu. Masharti yalikuwa mawili.

La kwanza, kiwanja cha zamani kiwe kimefukiwa na hakifai kwa makazi.

La pili, mpima ardhi athibitishe kwa cheti kwamba ameiona, kwa macho yake mwenyewe, walau bikoni moja ya kiwanja hicho.

Nikasoma tena. Hayakubadilika.

Ofisi yenyewe sitaitaja. Kaunta ilikuwa ya kijana anaitwa Tessroy, mpole, shati limepigwa pasi hadi linakata.

"Bwana Fenton, karibu. Leo umeleta nini?"

"Swali. Bikoni iko chini ya mita sita za majivu. Nitaionaje?"

Akaichukua fomu, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Hapa pameandikwa 'kwa macho yake mwenyewe'."

"Nimesoma. Nauliza nitaionaje."

"Fomu haina sehemu ya majivu, mzee wangu."

"Tessroy, mpango mzima unahusu majivu!"

"Mimi sikuitunga. Ilitungwa na mshauri kutoka London. Alikaa hapa siku nne."

"Alifika kule kusini?"

"Alipangiwa. Siku hiyo ikanyesha."

Nilirudi kwa Bi Ismay na jibu hilo. Alikuwa anakata kitambaa, hakuinua macho.

"Kwani shida iko wapi? Tia sahihi. Nani atachimba mita sita kuja kukukagua?"

"Siwezi kuandika nimeona nisichokiona."

"Wenzako wanaandika."

Alisema kweli. Nilijua vyeti kumi na kimoja vilivyopita kaunta ile, na hakuna mpima aliyeshika hata koleo. Wenye vyeti hivyo walishaanza kumwaga misingi.

"Mimi si wenzangu," nikasema.

Aliweka mkasi mezani.

"Haya, bwana mkweli. Basi kaione."

Nikaenda kutafuta kibali cha kuingia eneo lililofungwa.

Ofisi ya kwanza ilisema lazima nionyeshe cheti cha kiwanja ninachokwenda kukagua. Nikasema cheti ndicho ninachokifuata. Wakasema nijaribu ofisi ya pili. Ya pili ikasema kuchimba si kuingia, kwa hiyo kibali ni cha ofisi ya tatu. Ya tatu ikanirudisha ya kwanza, na barua ya utambulisho yenye muhuri mzuri sana.

Danadana miezi minne. Nina nakala za barua zote, zimefungwa kwa uzi.

Aliyeniokoa ni Norris. Anaendesha katapila kwenye kampuni ya kuchimba mchanga. Mlima ulituletea mchanga bure, tunauuza visiwa vya jirani. Mwezi wa Machi leseni yao ilifika mtaa wa Bi Ismay, na sheria inawataka wawe na mpima wa kupima kina cha shimo.

"Njoo upime shimo," Norris aliniambia simuni. "Ukitazama pembeni, mimi sijui."

Ndivyo tulivyofika kwenye ile kona ya paa.

Kutoka paa hadi ardhi ya zamani zilibaki mita tatu. Norris alichimba taratibu upande wa geti, anakwangua kama anamnyoa mgonjwa. Alhamisi tarehe 13 Machi, saa nane na robo mchana, meno ya ndoo yaligonga chuma.

Nikaruka chini. Nikasugua kwa burashi. Namba ikatokea, ileile ya kwenye hati.

Nilipiga picha saba. Norris akashuka, akaitazama bikoni, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo miezi minne ulikuwa unatafuta kimsumari hiki?"

"Ndiyo."

"Na ungeweza kuandika tu."

"Ndiyo."

"Mungu akusaidie, Mpima."

Jumatatu iliyofuata ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Kila mtu amevaa kijani, ngoma barabarani, supu ya mbuzi kwenye masufuria. Nilimkuta Bi Ismay ameketi na bakuli lake, nikampa habari.

Hakusema asante. Aliuliza, "Kipandio cha kwanza cha mlango, mlikiona?"

"Tulikiona."

"Kina unyayo wa mbwa?"

"Kina. Upana sentimita tano."

Akachota supu, asiinywe.

"Prince," alisema. "Alikanyaga zege bichi. Mume wangu alitaka kumuua."

Siku ileile alicheza. Miaka themanini na moja, anacheza katikati ya barabara na sketi ya kijani aliyoishona mwenyewe. Mimi nilisimama pembeni nikijiona mtu wa maana. Nilifanya kazi kihalali na ikafanikiwa.

Cheti nilikipeleka wiki hiyohiyo. Picha saba, ramani, vipimo.

Jibu lilikuja mwezi wa Juni. Bi Ismay alinipa barua nimsomee, miwani yake ilikuwa imevunjika mguu.

Nilisoma mstari wa kwanza kwa sauti. Wa pili nikausoma kimya.

"Soma, Alford."

"'Kwa kuwa bikoni imeonekana, na kwa kuwa picha zinaonyesha nyumba ikiwa wazi hadi kipandio cha mlango, kiwanja husika hakihesabiki kuwa kimefukiwa. Ombi limekataliwa.'"

Nilingoja anitukane. Ingekuwa nafuu.

"Nilikwambia utie sahihi," alisema. Akaichukua barua, akaikunja mara nne, akaitia chini ya mguu wa cherehani uliokuwa unacheza.

Nilifika kaunta nikiwa natoka jasho.

"Tessroy, mlitaka nione bikoni. Nimeiona. Sasa mnasema kuiona ndiko kunakomnyima!"

"Bwana Fenton, ingekuwa imefukiwa, usingeiona."

"Na nisingeiona, mngekubali?"

Alifikiria kwa uaminifu kabisa.

"Hapana. Sharti la pili."

"Kwa hiyo ni nani anayepita hapa?"

Alitazama kabati la nyuma, na wote wawili tulijua ndani yake mna vyeti kumi na kimoja.

Ningeweza kuwataja wenzangu. Lakini nyuma ya kila cheti kulikuwa na mtu kama Bi Ismay, aliyefukiwa kwelikweli. Uongo ulikuwa kwenye macho ya mpima tu. Nikanyamaza, na kunyamaza huko kulinikera kuliko barua.

Nilikata rufaa. Rufaa ilijibiwa kwamba imepokewa. Julai, Agosti, Septemba. Bi Ismay akaacha kuniitikia salamu. Tukikutana dukani anamwambia muuzaji, "Mhudumie kwanza huyu, ana haraka ya kwenda kuona vitu."

Watu wanacheka. Na mimi nalipia mkate wangu.

Jumanne tarehe 7 Oktoba mvua ilinyesha kuanzia asubuhi hadi saa kumi jioni. Mvua kubwa ikipiga mlima wetu, majivu ya juu hugeuka uji mzito, na uji huo hushuka kwenye makorongo na mawe makubwa ndani yake.

Saa kumi na moja Norris akapiga simu.

"Mpima, lile shimo lako."

"Limefanya nini?"

"Hakuna shimo."

Kesho yake saa mbili asubuhi tulikuwa pale. Kampuni ilitaka vipimo, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza kibali. Tope lilikuwa sawasawa na kingo, limelala kimya kama sakafu. Kifaa cha setilaiti kilinionyesha mahali pa bikoni. Nikateremsha fimbo ya kupimia ya mita tano. Ilizama yote bila kugusa kitu.

Norris alivua kofia.

"Pole. Kazi yote ile."

Nilikuwa nimeketi juu ya jiwe, naandika, na nilikuwa nacheka. Norris aliniambia baadaye alidhani nimechanganyikiwa.

Tarehe 9 Oktoba, saa tatu kamili, niliweka fomu mpya na karatasi mbili juu ya kaunta.

"Hiki ni cheti cha tarehe 13 Machi. Bikoni nimeiona kwa macho yangu. Na hiki cha tarehe 8 Oktoba. Kiwanja kimefukiwa, kina zaidi ya mita tano, hakifai kwa makazi."

Tessroy alisoma vyote viwili.

"Lakini leo bikoni haionekani."

"Fomu inauliza kama inaonekana leo?"

Akaichukua.

"Inauliza kama 'ameiona'."

"Nimeiona. Na inauliza kama kiwanja kimefukiwa. Kimefukiwa. Nionyeshe panapotaka yote mawili yatokee siku moja."

Aliisoma fomu mara tatu. Mara ya tatu aliifuata kwa kidole, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Hapapo," alisema.

"Basi piga muhuri."

"Ngoja nimuulize mkuu."

"Muulize. Mimi nipo."

Nilisubiri saa mbili na dakika kumi. Alirudi bila kunitazama usoni, akafungua kidau cha wino, akapiga.

Watu huniuliza kama nilijuta kukataa kusaini tangu mwanzo. Bi Ismay alipoteza karibu mwaka mzima kwa ajili ya macho yangu, na kwa umri wake mwaka si kitu cha kuchezea. Hilo siwezi kulirembesha. Nilichojifunza ni kidogo, lakini nakifuata: kuona peke yake hakutoshi, andika na siku uliyoona, kwa sababu dunia haikai ulivyoiacha, na wa kaunta atashika siku ile inayomfaa yeye. Wenye kesi na ofisi za ardhi, huko mliko, wekeni tarehe kwenye kila kitu.

Kiwanja walichompa kiko Lookout, dakika sita kwa miguu kutoka chumba cha mbao. Kina mteremko wa nyuzi kumi na nne, na mawe. Nililalamika kwa barua. Barua imepokewa.

Ijumaa tarehe 16 Januari nilikwenda kupiga bikoni. Bi Ismay alikuwa ameshafika, ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya mawe, mwavuli kichwani. Norris alikuwa amebeba nyundo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Juni Bi Ismay aniite kwa jina.

"Alford. Hiyo ukishaipiga, utakuwa umeiona?"

"Nitakuwa nimeiona."

"Andika basi, kabla haijanyesha."

Norris alicheka mpaka akaweka nyundo chini.

Saa nne na dakika kumi asubuhi, bikoni ya nne iliingia ardhini. Bi Ismay aliinuka, akaja akishikilia bega langu, akaikanyaga. Kisha akavua kiatu, akaikanyaga tena.